"Drop" si neno moja

Leo sina habari za simu mpya wala toleo jipya la programu yoyote. Nina neno moja tu la Kiingereza, lenye herufi nne, ambalo hunisimamisha kila ninapopewa faili ya kutafsiri programu kwa Kiswahili: "drop". Ukifungua kamusi utaambiwa kwamba likiwa nomino ni "tone", na likiwa kitenzi ni "anguka" au "angusha". Haya, sawa. Sasa ichukue hiyo "angusha" uipeleke ndani ya tarakilishi uone itakavyokuaibisha.

Msimamo wangu nautoa mapema. Neno hili halina Kiswahili kimoja, halipaswi kupewa kimoja, na sisi waandishi wa programu ndio tunaopaswa kulipasua vipande kabla halijamfikia mtafsiri. Tusipofanya hivyo, hasara haimwendei mtafsiri wala sisi. Inamwendea mtu wa mwisho, yule anayesoma ujumbe kwenye simu yake na kuamini kila neno lililoandikwa pale.

Tuanze na asili. Katika Kiingereza cha kale kulikuwa na "dropa", yaani tone la maji. Kutoka kwenye tone likaja tendo la kudondoka, kisha kuangusha, kushuka, kupunguza, kuacha, kufikisha, hata kutupa. Waingereza hawakuona tabu. Kwao picha ni ile ile, kitu kilikuwa juu na sasa kiko chini. Mswahili hatazami hivyo. Anataka kujua kilichoshuka ni nini, kimeshukaje, na nani aliyekishusha. Tone hudondoka. Embe lililoiva huanguka. Abiria hushuka. Ndege hutua, jua nalo hutua, na mchukuzi akifika hutua mzigo wake. Akiwa amechoka kupita kiasi huubwaga. Bei hushuka ikiwa na adabu, na huporomoka ikikosa. Karibu yote hayo Kiingereza kinaweza kuyasema kwa "drop" na mtu akaelewa.

Nenda steji yoyote ya matatu jijini Nairobi. Anayependa Kiingereza humwomba makanga "amdrop" pale mbele. Mwenzake husema "shukisha hapo". Hebu jaribu siku moja kusema "niangushe hapo" usikie gari zima litakavyocheka. Simu ikipoteza mawimbi, Kiingereza kinaiona kama kitu kilichoponyoka mkononi. Sisi tunasema imekatika, kama kamba. Mwanamuziki akitoa kibao kipya tunasema ameachia wimbo. Mwanafunzi akijiondoa katika somo tunasema ameliacha, na ole wako useme ameanguka, maana hapo umetangaza kwamba amefeli mtihani. Fikiria tovuti ya chuo yenye kitufe kilichoandikwa "Angusha somo". Nani atathubutu kukibonyeza?

Kufikia hapa unaweza kusema haya ni mambo ya walimu wa Kiswahili, hayana uhusiano na teknolojia. Basi sikiliza habari ya maziwa.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na chama kimoja cha ushirika cha wafugaji, huko nyanda za juu, nitazame mfumo wao wa kupokea maziwa. Mfumo sikuuandika mimi. Walikuwa wameuziwa na kampuni fulani, na ukiuchunguza ndani ungeona kwamba ulianza maisha yake ukiwa wa kusambaza vifurushi. Katika biashara ya vifurushi, mahali dereva anapofikisha mzigo panaitwa "drop", na mzigo wenyewe ukishafikishwa ni "drop" pia. Aliyeugeuza uwe wa maziwa aliliacha neno hilo hilo: kila mkulima anapoleta maziwa kituoni, mfumo unaandika "drop" moja. Si vibaya. Lakini kwenye ukurasa wa ripoti za meneja kulikuwa na "drop" nyingine, ya kuonyesha kwamba maziwa ya wiki hii ni machache kuliko ya wiki iliyopita. Na kwenye orodha ya wanachama kulikuwa na ya tatu, kitufe cha kumwondoa mtu kwenye njia ya gari la kukusanya maziwa.

Matumizi matatu, na katika faili ya tafsiri mstari mmoja tu. Mtafsiri alikuwa amepewa picha ya ukurasa wa ripoti. Akaona asilimia, akaona mishale inayoelekea chini, akaandika "Upungufu". Kwa kile alichoonyeshwa, alitafsiri vizuri kabisa.

Kisha mfumo ukawashwa kwa Kiswahili, na asubuhi ya kwanza wakulima wakapokea ujumbe mfupi. Mama aliyepeleka lita 12.4 alisoma jina lake, tarehe, halafu: "Upungufu: lita 12.4".

Kama hujawahi kuishi na watu wanaouza maziwa huenda usione uzito wa jambo hili. Mkulima hupima maziwa nyumbani kwa chombo anachokijua. Anayapeleka kituoni, yanapimwa tena kwa mizani ambayo si yake, na pesa zinakuja mwisho wa mwezi. Katikati ya hapo hana kitu mkononi isipokuwa ile rekodi. Maneno anayoyaogopa kuliko yote ni mawili, "makato" na "upungufu". Ugomvi wa mizani ni wa zamani kuliko tarakilishi. Sasa ujumbe wa kwanza wa mfumo mpya, ule ule walioahidiwa kwamba utaleta uwazi, unamwambia kwamba maziwa yote aliyoleta ni upungufu! Baadhi yao walifika ofisini wakiwa na simu mkononi kutaka kujua maziwa yao yamekwenda wapi. Wengine hawakufika. Siku iliyofuata walimuuzia mchuuzi wa pikipiki anayelipa papo hapo, na hao ndio waliomtia karani wasiwasi zaidi, maana mtu aliyekasirika kimya hurudi kwa shida.

Karani alikuwa amejaribu kuwaeleza kwamba ni makosa ya lugha tu. Kwa mkulima hapakuwa na "tu" pale.

Kulipata tatizo kulinichukua dakika kumi. Kulirekebisha kulinichukua siku mbili, kwa sababu huwezi kubadilisha mstari mmoja wa tafsiri ukaenda zako. Ukiandika "Umeleta", ujumbe wa mkulima unapona, lakini ripoti ya meneja inasema "Umeleta: asilimia 8" na kitufe cha kumwondoa mwanachama nacho kinasema "Umeleta". Ilibidi nirudi kwenye msimbo wenyewe, nitafute kila mahali neno lilipotumika, nilitenganishe, ndipo nikae chini na Kiswahili. Ujumbe mpya ukawa "Maziwa uliyoleta leo asubuhi: lita 12.4". Ni mrefu zaidi, ndiyo. Lakini Kiswahili huandikwa kwa herufi zilizomo katika alfabeti ya kawaida ya GSM, kwa hiyo ujumbe mmoja unabeba herufi 160, si 70 kama kwa lugha zinazohitaji Unicode. Nafasi ilikuwepo tele. Hakukuwa na sababu yoyote ya ubahili.

Hebu niwaonyeshe ugonjwa wenyewe, nyinyi mnaoandika programu (wengine mnaweza kuruka aya mbili zijazo, sitawakasirikia). GNU gettext, ambayo iko nasi tangu 1995, hutumia maneno ya Kiingereza yenyewe kama ufunguo. Kama "Drop" imetokea mahali patatu, gettext inaikusanya kuwa moja, na mtafsiri anaona moja. Dawa ipo. Toleo la 0.15 la mwaka 2006 lilileta msgctxt, mstari wa kueleza muktadha, na kwa mstari huo maneno yanayofanana yanakuwa vitu tofauti:

msgctxt "maziwa yaliyopokelewa kituoni"
msgid "Drop"
msgstr "Umeleta"

msgctxt "maziwa ni machache kuliko wiki iliyopita"
msgid "Drop"
msgstr "Yamepungua kwa"

msgctxt "kitufe cha kumtoa mwanachama kwenye njia"
msgid "Drop"
msgstr "Mwondoe"

Ni hayo tu. Tangu 2006! Na bado hadi leo napokea faili za JSON ambamo ufunguo ni "drop" na thamani yake ni "Drop", basi, hakuna neno jingine. Tena angalia hiyo "Yamepungua". Maziwa yamepungua, bei imepungua, kiwango kimepungua, gharama zimepungua, muda umepungua. Ukinipa "Dropped" peke yake, bila jina lake, hujanipa kitu cha kutafsiri. Umenipa mkia bila mnyama. Wale wanaojenga sentensi kwa kuunganisha vipande, jina huku na kitenzi kule, ngeli zetu zitawaumbua kila mara, na wala si kosa la ngeli.

Haya, tuje kwenye "drop" inayojulikana na wengi, ile ya kuvuta faili kwa kipanya na kuiachia mahali. Siku hizi utasoma kwenye programu nyingi "buruta na udondoshe". Kuburuta sina neno nako, ni kitenzi kizuri, unasikia kabisa kitu kikisuguana na sakafu. Ni hiyo "udondoshe" inayonikera. Kwa masikio yangu kudondosha ni kwa kitu kilichoponyoka: funguo zimedondoka mfukoni, shilingi imedondoka mtaroni. Najua ndugu zetu wa Tanzania hulitumia neno hili kwa upana zaidi na sitagombana nao. Lakini mtu anayeweka nakala ya hati ya shamba lake kwenye tovuti, ukimwambia aidondoshe, ana haki ya kusita. Mimi huandika "Buruta faili, uiachie hapa", na nafasi ikiwa finyu, "Weka faili hapa". Ningepewa mamlaka ningechagua kutua. Mchukuzi aliyebeba mzigo akafika na kuutua, ameuweka chini kwa hiari yake, mahali alipokusudia, na mzigo ni mzima. Hiyo ndiyo hasa kazi ya kipanya. Kiingereza ndicho kilichopotoka hapa. Hakuna mtu anayetaka faili yake ianguke.

Na si kwamba hatuwezi. Mwishoni mwa 2004 timu ya Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilipotoa Jambo OpenOffice, ilikuwa imepitia istilahi nyingi sana za ofisi na tarakilishi na kuziamulia Kiswahili, enzi ambazo hakukuwa na mashine ya kutafsiri Kiswahili ya kuaminika. Tazama neno "pakua". Kiingereza kinasema faili inateremshwa kutoka juu. Aliyetuchagulia "pakua" aliachana na habari za juu na chini, akaenda bandarini na jikoni: meli hupakia na kupakua, na wali hupakuliwa kutoka sufuriani. Hakuna kinachoshuka, na bado hakuna asiyeelewa. Au ile "menyu kunjuzi", orodha inayofunguka ukiibonyeza. Kwa Kiingereza inashuka. Kwa Kiswahili ilikuwa imekunjwa kama mkeka, sasa imekunjuliwa. Jaribu kuifungua orodha iliyo ukingoni mwa chini wa skrini ya simu: mara nyingi hufunguka kuelekea juu, na neno letu bado ni sahihi wakati lao limeachwa mataani. :-)

Sasa kuna kundi jingine, la "drop" zinazopoteza kitu moja kwa moja, na hapa ndipo ninapokuwa mkali. Nimewahi kufundisha vijana SQL kwa Kiswahili. Amri DELETE haina shida, wanaielewa kuwa ni kufuta. Wakifika kwenye DROP TABLE wanafikiria kuweka chini, kuachia kwa muda, kama unavyomshusha mtu steji na kesho unampakia tena. Kwa hiyo mimi huwaambia hivi: hifadhidata ni mtaa, jedwali ni nyumba. DELETE hutoa wapangaji, mmoja mmoja au kwa sharti unaloweka. TRUNCATE hutoa wapangaji wote kwa mkupuo, nyumba inabaki. DROP hubomoa nyumba. Neno langu la darasani ni "bomoa", na sijaona kijana akilichezea baada ya kulisikia. Kwenye PostgreSQL ukibomoa ndani ya muamala ambao hujaufunga, unaweza kurudi nyuma. Kwenye MySQL amri hiyo hufunga muamala yenyewe, na kilichobomolewa kimebomolewa, labda uwe na nakala ya akiba. Kichekesho ni kwamba PostgreSQL hiyo hiyo ukiiambia DROP COLUMN haibomoi kitu papo hapo. Inaificha tu ile safu isionekane, na nafasi yake inarudishwa polepole kadiri mistari inavyoandikwa upya. Kwa hiyo hata ndani ya programu moja, neno moja, matendo mawili.

Kwenye ukuta wa moto wa Linux, iptables, utakuta DROP na REJECT zimekaa jirani. Mtu akitafsiri kwa kamusi atasema "angusha" na "kataa", na mwanafunzi atabaki anashangaa. Lakini sisi ni watu wa kubisha hodi! Paketi imefika mlangoni, imepiga hodi. REJECT hujibu: hatukuhitaji, nenda zako. DROP hunyamaza kimya, mgeni abaki nje hajui kama ndani kuna mtu. Moja ni kukataa, nyingine ni kunyamazia. Ukishaeleza hivyo huna haja ya kuchora mchoro wowote.

Rauta nazo hu-"drop" paketi foleni ikijaa. Utasikia watu wakisema paketi "zimepotea". Hazikupotea, zimetupwa. Tofauti hiyo ina historia: Oktoba 1986 njia kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, majengo yaliyo karibu kabisa, ilisongamana hadi kasi ikatoka biti 32,000 kwa sekunde ikawa biti 40. Van Jacobson alichunguza, na mwaka 1988 akachapisha njia ya kufanya TCP ipunguze mwendo inapoona paketi hazifiki. Yaani paketi iliyotupwa ni ujumbe kwa mtumaji: punguza kasi, njia imejaa. Mwaka 1993 yeye na Sally Floyd wakapendekeza rauta zianze kutupa baadhi ya paketi mapema, kwa makusudi, kabla foleni haijajaa. Sasa neno "potea" litalieleza vipi jambo linalofanywa kwa makusudi?

(Na kwa wapenda video: kuna "drop" isiyotupa kitu kabisa. Mfumo wa NTSC wa Marekani huenda kwa picha 29.97 kwa sekunde, kwa hivyo namba za picha huchelewa nyuma ya saa halisi. Ili kuzilinganisha, kila dakika inapoanza huruka namba mbili, isipokuwa kila dakika ya kumi. Namba zinarukwa, picha zote ziko palepale. Sisi tulirithi PAL ya picha 25 kamili, tukaepushwa na kizaazaa hicho.)

Hoja ya makusudi ndiyo inayonifanya niandike makala hii badala ya kurekebisha faili zangu kimyakimya. Kiingereza kikisema muunganisho ume-"drop", hakisemi nani kafanya. Kiswahili kinakulazimisha uchague. "Imekatika" maana yake imekatika yenyewe, waya umechoka, nanga ya meli imepita. "Imekatwa" maana yake kuna mkono. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, ziliharibika upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki ikahisi kishindo. Hapo ni zimekatika, hakuna ubishi. Juni 25 mwaka huo huo, siku ya maandamano ya kupinga Muswada wa Fedha, intaneti ikazorota tena nchini Kenya. Siku moja kabla yake Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imesema haina nia yoyote ya kuizima, na kampuni za simu zikaeleza kwamba ni hitilafu ya nyaya za baharini. Wananchi wengi hawakuamini. Mabishano yote ya siku ile, ukiyakamua, yalikuwa juu ya mwisho wa kitenzi: imekatika, au imekatwa? Programu inayomwonyesha mtu neno moja kwa hali zote mbili inamfichia habari. Seva ikimfungia mteja kwa sababu hajalipa, iseme "Umekatiwa huduma". Mawimbi yakiwa hafifu, iseme "Mtandao umekatika". Programu inajua tofauti, msimbo wa hitilafu uko ndani mle. Kwa nini mwenye simu asiambiwe?

Najua jibu la baadhi ya wenzangu: achana na yote hayo, andika "kudrop", Wakenya tunaelewana. Mdomoni sina tatizo nalo, hata mimi husema hivyo nikiwa na wenzangu kazini. Lakini "kudrop" ni ile ile "drop", na utata wake umebebwa wote, kiambishi "ku-" hakijaondoa hata mmoja. Mama wa lita 12.4 akisoma "Umedrop lita 12.4" atakuwa na swali lile lile, ila sasa ataona aibu kuliuliza. Hapana.

Wengine wanasema mashine za kutafsiri za leo zitamaliza shida hii. Google iliongeza Kiswahili kwenye mtafsiri wake mwaka 2009, na tofauti ya tafsiri za wakati ule na za leo ni kubwa mno. Ipe mashine ya leo aya nzima kuhusu maziwa, italijua "drop" ni lipi. Lakini hatuipi aya. Tunaipa neno moja ndani ya alama za nukuu, kama tulivyompa yule mtafsiri, na mashine haina hata ile picha ya ukurasa aliyokuwa nayo yeye. Itachagua tena kwa kubahatisha, ila kwa haraka zaidi na kwa lugha hamsini kwa mpigo.

Kwa sasa kwenye orodha yangu nimebakiwa na moja ambayo bado inanishinda, "dropout" ya mitandao ya neva. Si mwanafunzi aliyeacha shule. Ni ile mbinu ya kina Srivastava na Hinton, iliyochapishwa kikamilifu mwaka 2014, ambapo wakati wa kuufundisha mtandao baadhi ya seli zake huzimwa kwa bahati nasibu katika kila duru, ili zilizobaki zisizoee kutegemea wenzake wale wale. Mafunzo yakiisha, zote hurudi kazini. Nimeona mahali pameandikwa "kuangusha", na nimeona "kuacha". Hakuna seli iliyoanguka wala iliyoacha kazi. Zimepewa zamu ya kupumzika, kama wachezaji anaowaketisha kocha mazoezini. Nimeandika "kupumzisha" kwa penseli. Mwenye neno bora anipatie kabla sijalipitisha kwa wino.